Usiniulize Unene wa Bomba

"Fundi, nikiweka bomba la inchi mbili, keria itabeba kilo ngapi?" Swali hili linaulizwa Mwanjelwa, linaulizwa Ipogolo, linaulizwa na wapasua mbao wa Mafinga na wakulima wa viazi wa Isyonje. Linaulizwa pia na watu wenye pikapu za bei kubwa ambao kitabu cha gari kimelala kwenye droo ya dashibodi bila kufunguliwa tangu siku ya kwanza. Muulizaji akiambiwa kwamba hilo silo swali, anakasirika, anakwenda kwa fundi mwingine, na huko anajibiwa "hata nusu tani". Nimechoka kuona mapaa yaliyobonyea kwa sababu ya jibu hilo. Leo nalieleza jambo hili mara moja, kwa hesabu, ili mwenye gari asipate kisingizio.

Keria haibebi mzigo. Keria inaupokea mzigo na kuukabidhi kwa kilicho chini yake. Mama anayejitwisha ndoo ya maji huweka ngata kichwani, lakini kinachobeba ndoo ni shingo na uti wa mgongo. Ngata ikinenepeshwa mara tatu, shingo haiongezeki nguvu hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mwenye pikapu ni hili: uzito huu unashukia wapi? Bomba linafuata baadaye sana.

Sasa tuishike imani yenyewe. Watu wanaamini kwamba keria ya chuma kinene, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye paa la kebini, ndiyo keria imara. Kila kipande cha imani hiyo ni kibovu.

Tuanze na unene. Vitabu vya pikapu nyingi za dabo kebini huruhusu kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa gari likiwa linatembea, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kiasi hicho. Keria ya kawaida ya kebini, yenye fremu ya juu na ya chini pamoja na vyuma vya kukatiza, hula karibu mita 18 za bomba. Bomba la inchi mbili lenye ukuta wa milimita 3.6 lina kilo 5 kwa kila mita. Zidisha mwenyewe: kilo 90. Hapo hujaweka wavu wala miguu, wala hata kiazi kimoja. Kama paa lako limepewa kikomo cha kilo 75, umekipita ukiwa na keria tupu. Bomba la inchi moja lenye ukuta wa milimita 3.2 linakupa keria ya kilo 43, yaani kwenye paa hilohilo umebakiwa na kilo 32, ambazo hazitoshi mfuko mmoja wa saruji. Skwea paipu ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.5 ina kilo 1.1 kwa mita, na keria nzima inakuwa kilo 20. Kwa hiyo anayenunua bomba nene analipa pesa nyingi zaidi ili abebe mzigo mdogo zaidi.

Ugumu wa keria hutokana na umbo. Mkono mmoja wa mshazari kati ya nguzo na fremu unazuia kuyumba zaidi kuliko kuongeza unene wa bomba lote, na fundi yeyote aliyewahi kusimamisha kenchi ya nyumba anaijua siri hiyo. Kinachonishangaza ni kwamba fundi huyohuyo akifika kwenye gari anaisahau.

Tuje kwenye paa lenyewe. Bati la paa la kebini halifiki hata milimita moja. Kazi yake ni kuzuia mvua, jua na upepo. Nguvu ya kebini iko pembeni, kwenye kingo za paa na nguzo zinazoshuka kandokando ya milango. Ukichomelea mguu wa keria katikati ya bati, umeweka mzigo mahali ambapo mtengenezaji hakuweka kitu. Bati linaanza kupumua: gari likiruka shimo linazama, likitulia linarudi. Baada ya miezi kadhaa ya rafu rodi ya kwenda Tungamalenga, ufa unaanza pembeni kabisa mwa weldi, kwa sababu hapo chuma kimepoteza hali yake kwa joto. Mteja anarudi akilalamika kwamba fundi hakuchomelea vizuri. Alichomelea vizuri. Hakupaswa kuchomelea.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana. Zinki iliyopakwa kwenye bati ili kuzuia kutu huchemka kwenye nyuzi joto 907, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba kabla weldi haijashika, kinga ya kutu imeshakwenda hewani, juu na chini ya bati. Juu utapaka rangi. Chini, nyuma ya kitambaa cha dari, hutafika. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya, mvuke wa pumzi za abiria ukikutana na bati la baridi unageuka matone, na matone hayo yanakaa kwenye jeraha ulilolifungua. Ukiwa Rungwe, ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kutu haihitaji miaka mingi. Zaidi ya hapo, dabo kebini nyingi mpya zina mifuko ya hewa ya pembeni iliyokunjwa ndani ya kingo za paa, pamoja na waya na kilipuzi chake. Mtu anayepeleka moto wa weldi hapo bila kujua kilichomo anahatarisha uso wake na maisha ya abiria wa kesho.

Ndipo inapoletwa dawa ya silikoni. Paa likivuja, fundi anazungushia silikoni kwenye mguu wa keria na kusema tatizo limekwisha. Silikoni inazuia maji. Haishiki mzigo na haifungi ufa unaoendelea kukua. Vibaya zaidi, inauficha ufa, na maji yaliyokwishaingia yanabaki ndani. Ukiona keria imezungushiwa silikoni juu ya silikoni, ujue kuna bati linalochanika chini yake. Ibandue, angalia.

Watetezi wa bomba nene wana ushahidi wao, nami sitaukwepa. Wanasema magari ya watalii yanayokwenda Hifadhi ya Ruaha yana mahema juu, na ndani yake wanalala watu wawili. Ni kweli, wanalala gari likiwa limesimama. Paa linalostahimili kilo 200 zilizotulia halistahimili kilo 200 zinazorushwa juu na kushuka kwa kishindo, kwani kwenye shimo moja mzigo unaweza kugonga kwa nguvu maradufu ya uzito wake. Ndiyo maana watengenezaji hutoa viwango viwili, cha gari linalotembea na cha gari lililosimama. Wanasema pia kwamba Land Rover za zamani zilibeba milima ya mizigo. Land Rover hizo zilikuwa na mtaro wa paa, ule mkunjo mgumu wa chuma unaopitisha maji ya mvua, na keria ilisimama kwa miguu mingi iliyopangwa kwenye mtaro huo, gari likitembea taratibu. Wanataja na mabasi ya zamani. Basi lilijengwa kwa mifupa ya chuma kutoka sakafuni hadi juu. Pikapu yako haina mifupa hiyo.

Tuseme paa limevumilia. Bado kuna mlima. Chukua pikapu ya tani mbili ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 70 kutoka ardhini na umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.5. Weka kilo 200 juu ya paa, kimo cha mita 2.05. Kitovu kinapanda hadi sentimita 82, na uwezo wa gari kukaa kwenye kona bila kupinduka unashuka kwa karibu asilimia 15. Hapo sijahesabu springi zinazolalia upande mmoja. Zishushe kilo hizohizo 200 ndani ya bodi, kimo cha mita moja: kitovu kinakuwa sentimita 73, na hasara ni kama asilimia 4. Anayeshuka Kitonga nyuma ya lori, au anayeteremka kona 57 za Matamba kuelekea Chimala, anaibeba tofauti hiyo katika kila mzunguko wa usukani. Akikanyaga breki ghafla, kilo 100 zilizo juu zinasukuma mbele kwa nguvu ya kilo 70 au 80, na kinachozizuia ni miguu minne ya keria. Upepo nao, kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unasukuma mara nne ya unavyosukuma kwenye kilomita 50. Wanaopita Makambako wanaujua upepo wa pale hata kabla hawajaongeza mwendo.

Kosa la mwisho ni la pikapu peke yake, na ndilo kubwa kuliko yote. Ni keria ndefu inayoanzia kwenye bodi la nyuma, inapita juu na kufungwa pia kwenye kebini. Kebini imekaa juu ya chesisi kwa raba zake. Bodi limefungwa kwenye chesisi hiyohiyo kwa bolti zake. Kati yao pameachwa nafasi kwa makusudi, kwa sababu chesisi hujipinda gurudumu moja likipanda jiwe na lingine likizama, na kila upande unafuata mwendo wake. Ukiviunganisha kwa chuma huko juu, chesisi ikijipinda lazima kitu kisalimu amri. Bomba nene halitasalimu amri. Litachanika bati la paa, au zitapasuka kona za bodi, au kioo cha nyuma. Unene ule uliolipiwa kama kinga ndio unaofanya uharibifu uwe mkubwa.

Basi ufanyeje? Pima kwanza mzigo wako kwa mizani, usiukadirie kwa jicho. Gunia la lumbesa, dumu la dizeli, tairi la akiba lenye rimu yake na chochote kizito kinakaa sakafuni mwa bodi, karibu na kebini. Hakuna keria itakayobadilisha hilo.

Kama unabeba vitu virefu, mbao za futi 12 au mabomba ya maji, tengeneza fremu mbili zinazosimama ndani ya bodi, moja mbele na moja nyuma. Nguzo zishuke hadi sakafuni na zifungwe kwa bolti juu ya vyuma vya kukatiza vilivyo chini ya bodi. Kingo za bodi peke yake ni bati jembamba. Fremu ya mbele ipite kebini kwa kimo cha sentimita 10 na isiiguse kabisa. Weka mikono ya mshazari. Katikati ya urefu wa mzigo ikae kati ya fremu mbili. Skwea paipu ya milimita 40 yenye ukuta wa milimita 2 inatosha kwa kazi hiyo.

Kama una Land Cruiser ya 70, mtaro wa paa bado upo. Tumia keria ya kubana, miguu mingi kadiri inavyowezekana, raba chini ya kila kibanio, bila tundu wala weldi. Kama una Hilux au Ranger ya kisasa isiyo na mtaro, tumia vyuma viwili vya kubana kwenye kingo za milango, au matundu ya kiwandani kama gari lako linayo, na upakie vitu vyepesi tu: ngazi, godoro, matenga matupu. Hema la kulala linakwenda kwenye fremu ya bodi, siyo kwenye kebini.

Bolti ziwe za milimita 10, zenye alama ya 8.8 kichwani; bolti isiyo na alama, iache dukani. Nati ziwe za chuma zenye pete ya nailoni ndani. Chini ya kila bolti inayopita kwenye bati, weka kipande cha chuma cha milimita 4, upana wa kiganja. Kila tundu ulilotoboa lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla ya bolti kuingia. Kama fundi analazimika kuchomelea fremu, achomelee ikiwa chini, mbali na gari.

Funga mzigo kwa mikanda ya kukazia na kamba imara, na mbao ndefu zizuiwe pia zisiteleze mbele. Mpira wa tyubu unavutika, kwa hiyo haufai kuwa kifungio pekee. Asipande mtu juu ya keria, hata kwa safari ya kutoka shambani hadi barabarani. Usipokuwa na mzigo, ivue. Inakula mafuta bure.

Baada ya kilomita 50 za kwanza za rafu rodi, simama ukaze kila nati. Rudia wiki inayofuata. Bolti ileile ikilegea mara ya pili, usiikaze mara ya tatu: kuna kitu kinapinda chini yake. Vua keria yote, tafuta ni bati, ni bodi au ni mguu uliokosewa, na gari lisipakiwe tena mpaka umekipata.