Bonasi ya chai: Je, waweza kununua hisa za maji?

Pesa za bonasi zinapoingia kwenye akaunti, nyumba nyingi za Kericho na Bomet huwa na mkutano ambao haukuitishwa na mtu. Baba anataka kuongeza ng'ombe wa maziwa. Mama anataka jikoni pabadilishwe mabati. Mtoto aliye chuoni ameketi kando, barua ya karo mfukoni. Na siku hizi huenda akatokea mmoja, pengine shemeji aliyetoka Nairobi, akauliza: mbona tusiziweke pesa hizi katika kampuni za maji? Maji yananunuliwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Msomaji, usimcheke shemeji huyo. Mkulima wa chai anazijua hisa kuliko wafanyakazi wengi wa mjini. Anayepeleka majani chai katika viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros kwa kawaida ni mwenye hisa wa kiwanda hicho. Anajua kwamba kiwanda kikisimamiwa vibaya, bonasi hunywea. Kinachombabaisha ni maji yenyewe.

Na ni jambo la ajabu. Nchi hii ya chai hupata mvua inayopita milimita 1,800 kwa mwaka. Itare, Kipsonoi, Chemosit na Nyangores haikauki. Hata hivyo, nenda vijijini alfajiri uone akina mama na wasichana wakipanda kilima na mitungi ya lita 20 mgongoni, wakitoka chemchemini ambako ng'ombe nao hunywa. Maji yapo. Kinachokosekana ni kuyasafisha na kuyafikisha nyumbani, na hizo ndizo kazi mbili zinazokula pesa.

Kuyasafisha si muujiza. Maji ya mto hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, yakachujwa kwa mchanga, kisha yakatiwa klorini. Mji wa Kericho huyatoa mto Kimugu, na Bomet huyatoa Nyangores. Gharama kubwa ni kuyasukuma juu ya vilima hivi vyetu kwa umeme, na mabomba yanayovuja. Humu nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yaliyokwisha kusafishwa hayalipiwi: yanamwagika njiani, yanaibwa, au mita imekufa. Hebu fikiria kiwanda cha chai kinachopoteza gunia nne katika kila gunia kumi kabla ya kufika mnadani Mombasa!

Mwenyewe ni nani?

Hapo ndipo shemeji anapokwama. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta mtindo wa huduma kuendeshwa na kampuni, na Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti kazi hiyo. Kampuni ya maji ya Kericho ni mali ya kaunti ya Kericho, na ya Bomet ni ya kaunti ya Bomet. Hisa zake haziuzwi kwako wala kwangu. Tena Sheria ya Maji ya 2016 inataka mapato ya maji yarudi katika kazi ya maji, kwa hivyo hata gavana hana gawio la kutarajia. Bei nayo haipandishwi kiholela, bali hupitishwa na halmashauri ya WASREB. Katika Soko la Hisa la Nairobi utazikuta kampuni za chai kama Williamson na Kapchorua, lakini hutapata hata moja inayouza maji ya bomba. Basi akija mtu na fomu zenye mhuri akikuuzia "hisa za maji ya kaunti", mpeleke kwa chifu kabla hujafungua mkoba.

Waliowahi kuacha maji mikononi mwa wafanyabiashara nao wana hadithi zao. Uingereza iliuza kampuni zake za maji mwaka 1989. Thames Water, inayohudumia London, ilijibebesha madeni yaliyopita pauni bilioni 15, na mwaka 2024 mfuko wa pensheni wa Kanada, OMERS, ukafuta thamani yote ya sehemu yake humo. Hapa jirani, Dar es Salaam ilikabidhi kampuni ya City Water kazi hiyo mwaka 2003. Mei 2005 serikali ya Tanzania ilivunja mkataba, na kesi ikasikizwa hadi 2008.

Wala sisi hatukukosa letu. Ujenzi wa bwawa la Itare kule Kuresoi ulianza mwaka 2017, maji yakikusudiwa kwenda Nakuru. Wakazi wa huku chini walilalamika kwamba mito yao itapungua. Mwaka uliofuata mwanakandarasi, CMC di Ravenna ya Italia, akazongwa na madeni na kazi ikasimama.

Njia iliyofunguka Tanga

Mwandishi huyu anadhani mfano unaostahili kutazamwa uko Tanga. Februari 2024, mamlaka ya maji ya huko, Tanga UWASA, iliuza hatifungani, ambayo sisi huiita bondi, ya shilingi za Tanzania bilioni 53.12. Ni ya miaka 10 na riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu walileta pesa kuliko zilizoombwa, na bondi ikaorodheshwa katika soko la Dar es Salaam. Anayenunua hamiliki hata bomba moja. Amekopesha tu, na mto unabaki wa umma. Mkenya anayeitamani akumbuke kwamba atalipwa kwa shilingi ya Tanzania, ambayo hupanda na kushuka.

Kuna njia ya karibu zaidi, nayo ni ya kikundi. Kuanzia mwaka 2007, benki ya K-Rep, ambayo baadaye ikawa Sidian, ilikopesha miradi ya maji ya vijijini. Wanakijiji walichanga asilimia 20 ya gharama, benki ikatoa 80, na mradi ukionekana unatoa maji kweli, wafadhili walilipa sehemu ya deni. Sifa yake kwangu ni kwamba hakuna aliyelipwa kwa kukata utepe. Kikundi kinachotaka kufuata mkondo huo kiwe na mita kwa kila mwanachama na mtu wa kuzisoma, la sivyo mkopo utalipwa na wachache wenye haya.

Na mama aliyetaka mabati? Hebu tupige hesabu yake. Paa la mita mraba 60, katika mvua ya milimita 1,800, huangukiwa na lita 108,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza moja kwa kila tano, zinabaki lita 86,400, yaani karibu mitungi 12 kila siku. Tangi ndilo litakaloamua ni kiasi gani cha maji hayo kitafika Januari, mvua inapokuwa haba, kwa hivyo likiwa dogo hesabu hii haina maana. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe kwa sababu ya vumbi na mavi ya ndege, na maji ya kunywa yachemshwe.