Istilahi za Kuingilia Chuo Kikuu: Sifa, Ufaulu na Udahili

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapokwisha kutangazwa, matangazo ya kuwaita waombaji wa mwaka wa kwanza wa shahada huenea nchini kote. Masharti yenyewe aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa kwa haraka na maofisa, walimu na waandishi wa habari, kila mmoja kwa istilahi zake. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza chache kati ya istilahi hizo, hasa zile ambazo zikikosewa huweza kumpotezea mtu nafasi ya masomo.

Tuanze na neno sifa. Azimio la Musoma, lililopitishwa na TANU mwezi Novemba 1974, lilitaka mhitimu wa kidato cha sita amalize kwanza utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya tawi la Chama, ndipo aombe kuingia Chuo Kikuu. Kwa utaratibu ule neno sifa lilikuwa mahali pake hasa, kwani mwenendo wa mtu ulipimwa pamoja na alama zake. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Leo kinachopimwa ni matokeo ya mitihani, lakini neno limebaki lile lile, na watu wengi bado hulisikia kwa maana yake pana.

Tuseme mzazi aliyeko Lusewa, iliyokuwa katika wilaya ya Songea kabla wilaya ya Namtumbo haijaundwa mwaka 2002, anasomewa na mwalimu kwamba mwanawe “ametimiza sifa za kujiunga na chuo kikuu”. Mzazi huyo ana haki ya kuelewa kwamba mtoto amekwisha kubaliwa, akaanza kuuza mazao ili kupata nauli ya Dar es Salaam. Kumbe alilosomewa ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuomba tu. Chuo chaweza kuweka sharti kali zaidi kwa kozi fulani, na nafasi zikiwa chache wenye alama za juu hutangulia. Wafasiri wengine huandika “sifa za chini”, na hapo huharibu zaidi, maana sifa za chini katika Kiswahili cha kawaida ni sifa duni. Sisi tungependelea “kiwango cha chini cha kuombea”. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayadanganyi.

Neno ufaulu lina matata makubwa zaidi. Kwa mwombaji anayetoka moja kwa moja kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, hutaka ufaulu wa daraja la prinsipali katika masomo mawili yanayohusika na kozi, wenye jumla ya pointi 4.0. Alama S, yaani sabsidiari, haihesabiwi humo. Basi mfasiri akiandika tu “awe amefaulu masomo mawili”, mwenye D na S atajiona amefaulu yote mawili, na kwa Kiswahili chake hajakosea. Baadhi ya wafasiri hupendekeza “ufaulu tanzu” kwa kufuata mfano wa kampuni tanzu. Hatukubaliani nao. Kampuni tanzu imezaliwa na kampuni nyingine, ilhali alama S haikuzaliwa na alama yoyote. “Ufaulu mkuu” na “ufaulu mdogo” yatosha, na hata asiyepata kusoma kidato cha sita ataelewa.

Herufi nazo zataka uangalifu. Kwa waliohitimu kabla ya 2014, na kwa waliohitimu kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kwa waliohitimu 2014 na 2015 palikuwa na B+ iliyopewa pointi 4, hivyo B ikawa 3, C ikawa 2 na D ikawa 1. Mhitimu wa 2016 mwenye D mbili anazo pointi 4, naye aweza kuomba. Mhitimu wa 2015 mwenye D mbili zile zile anazo 2 tu. Kwa hiyo mfasiri asithubutu kuuacha mwaka hata kama nafasi ya tangazo ni finyu. Wale wanaozigeuza herufi kuwa “vizuri”, “wastani” na kadhalika tunawasihi waache kabisa.

Juu ya tahasusi hatuna mengi ya kusema, kwa kuwa neno limekwisha kukubalika mashuleni. Ila lisitumike badala ya “masomo yanayohusika na kozi”. Aliyesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia akafaulu vema mawili tu bado hawezi kuomba udaktari wa binadamu, ambao huyataka yote matatu. Vivyo hivyo “sifa linganifu”, zinazowahusu wenye stashahada, ni istilahi nzuri, mradi isomwe pamoja na masharti yake: wastani wa alama usiopungua 3.0, na ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne. Wako wanaokumbuka sharti la kwanza wakalisahau la pili.

Limesalia neno kuthibitisha. Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi yao moja kwa moja vyuoni, na mmoja aweza kudahiliwa na vyuo viwili au vitatu. Hapo hutakiwa “kuthibitisha udahili”. Kwa mazoea yetu ya ofisini mwenye kuthibitisha ni mkubwa, kama vile mwajiri anavyomthibitisha mtumishi kazini. Hivyo mwombaji hukaa akingoja chuo kimthibitishe, huku siku zikipita. Kumbe mwenye kuthibitisha ni yeye, kwa kutumia namba ya siri aliyopelekewa. Tangazo lingesema “achague chuo kimoja na kukijulisha kabla ya tarehe fulani”, hata yule wa Lusewa angejua kwamba zamu ni yake.