Homoni Inayoshuka Mama Akishajifungua

Tuseme mama amejifungua salama katika hospitali ya Thika Level 5, na siku ya nne yuko kwake Ruiru. Mtoto amelala fofofo. Yeye hapati usingizi: kila mara anamsogezea kidole puani ahakikishe anapumua. Majirani watasema ni woga wa mtoto wa kwanza.

Hapo kuna jambo la mwili ambalo wengi hawajalisikia. Estrojeni, homoni tuliyozoea kuitaja kwa habari za hedhi na mimba, hufanya kazi ubongoni pia. Mimba inapokomaa, kondo la nyuma huimimina kwa wingi kupita kiasi cha kawaida mara nyingi sana. Kondo likitoka, chemchemi imekatika. Siku chache tu, na kiwango kimeporomoka.

Ubongo huisikia estrojeni kupitia vipokezi, vikiwemo vya amigdala, sehemu inayotuonya kuhusu hatari. Kipokezi cha aina iitwayo alfa kilijulikana mapema. Cha beta kilitangazwa na watafiti wa Sweden mwaka 1996. Panya majike waliotolewa ovari, wakapewa dawa ya kuamsha beta, walithubutu zaidi kutoka kwenye vijia vyenye kuta na kutembea pasipo kinga. Dawa ya kuamsha alfa haikuwapa ujasiri huo.

Utafiti ninaoona kila familia ingefaa kuujua ulichapishwa Marekani mwaka 2000. Wanawake 16 wasio wajawazito walipandishiwa homoni kama za mimba, kisha zikaondolewa ghafla bila wao kujua lini. Wanane walikuwa wamewahi kuugua sonona baada ya kujifungua. Watano kati yao walilemewa tena. Wanane wengine, ambao hawakuwahi kuugua, hakuna aliyeanguka. Homoni zilishuka kwa wote. Ubongo wa baadhi ndio ulioumia kwa mshuko huo. Kumwambia mama "mbona wenzako wanajikaza" ni kumwonea.

Machozi na wasiwasi wa siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, ni ugonjwa, na una tiba. Wiki ya sita mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa, hupimwa uzito, na kila swali huwa lake. Siku hiyo mama amwambie nesi waziwazi: "Mimi silali hata mtoto akilala." Na nesi asimjibu kwamba atazoea.