Fahamu: Kwa nini kompyuta mpakato hulala ikakataa kuamka

Umefunua kompyuta, taa inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi tii. Usikimbilie kuizima. Huenda kazi ambayo hukuihifadhi bado imo kwenye RAM, kumbukumbu inayoendelea kupata umeme kidogo mashine inapolala.

Mara nyingi kilichokwama ni draiva ya skrini, yaani programu inayoiendesha. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva itaanza upya na programu zako zitabaki wazi. Ikishindikana, ndipo ushikilie kitufe cha kuwashia hadi mashine izime.

Tatizo likijirudia, sasisha draiva hiyo, kisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), kutoka tovuti ya mtengenezaji. BIOS usiiguse bila chaja: umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena.

Kompyuta nyingi za sasa hutumia Modern Standby, usingizi wa nusu macho unaoruhusu hata intaneti kuendelea. Ndiyo maana nyingine hupata joto ndani ya begi na kumaliza betri. Kwa mashine sumbufu, naona Hibernate ni salama zaidi: kazi huandikwa kwenye diski kabla umeme haujakatwa, ingawa kuamka huchukua muda kidogo.