Kariokor, Gurnah na utoto wa wazee wetu

Jina Kariokor, mtaa wa Nairobi, latokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana hao riwaya zao ni nani atakayeziandika?

Abdulrazak Gurnah alirudi Zanzibar mwaka 1984. Dirishani akamuona babake, mzee sasa, akienda msikitini. Akajiuliza: utoto wake ulikuwaje, wakoloni walipokuwa wakiingia? Swali hilo likazaa Paradise (1994), kwa Kiswahili Peponi. Yusuf, wa miaka 12, awekwa rehani kwa deni la babake. Mwishowe Wajerumani wanakamata watu wawe wapagazi.

Basi vijana wetu mnaotaka kuandika, anzeni nyumbani. Waulizeni wazee utoto wao, kabla hatujawazika nao.