Umeifunika TV, Umeacha Waya

Hapa Bukoba ngurumo za masika huja alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria, upepo unavuma kutoka kila upande kuelekea ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto na kupanda. Mawingu yakishakomaa, upepo wa mashariki unayasukuma kwetu. Wenzetu wa Kisii, ng'ambo ya ziwa, hupigiwa ngurumo mchana na jioni. Sisi tunaamshwa nazo jogoo hajawika. Na magharibi zaidi, huko Kivu, eneo la Kabare lilishika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi katika orodha ya mwaka 2016 iliyotokana na setilaiti ya NASA. Mbele yake lilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Mimi ni fundi wa TV na redio. Mvua kubwa ikipita usiku, asubuhi hiyo benchi langu hujaa kabla ya saa nne, na mazungumzo ni yale yale.

"Fundi, niliifunika kabisa na kitambaa."

"Uliichomoa, mama?"

"Niliizima kwa rimoti."

Wazee wetu walifunika vioo mvua ikianza, wakiamini kinachong'aa kinaita radi. TV ilipoingia sebuleni ikapewa heshima hiyo hiyo. Sina ugomvi na kitambaa, kinazuia vumbi. Ila radi haitafuti kioo. Inafuata nyaya.

TV iliyozimwa kwa rimoti imesinzia tu. Ile taa nyekundu ni ushahidi kwamba pawa saplai bado inakula umeme. Swichi ya ukutani ni afadhali kidogo, lakini soketi nyingi hukata waya wa moto peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Na ncha za huo uliokatwa zimeachana kwa milimita chache tu. Hewa huzuia takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Radi ikipiga karibu na laini ya mtaani, hata bila kugusa paa lako, inaweza kusukuma maelfu ya volti ndani ya nyaya zilizokusudiwa kubeba 230. Pengo la swichi linarukwa.

Nikifungua mfuniko wa nyuma, kwa kawaida naweza kumwambia mteja radi iliingilia mlango gani. Ikiwa imepitia waya wa umeme, pawa saplai ndiyo inayosimulia: fyuzi imepasuka na kioo chake kimekuwa cheusi, daiodi zimekufa, na varista, kile kidonge bapa cha buluu kilichowekwa pale kijitoe mhanga, kimechanika vipande viwili. Hiyo ni habari njema kwa kiasi fulani. Vipuri hivyo vinapatikana, na jioni unaweza kurudi na TV yako.

Habari mbaya ni ile TV inayowaka vizuri, kioo kinang'aa, lakini ukichomeka king'amuzi inadai hakuna kilichounganishwa. Hapo pawa saplai ni nzima. Kilichoungua ni bodi kuu, pale waya wa king'amuzi unapoingilia. Radi ilipiga jirani, ikaamsha umeme kwenye waya wa dishi juu ya bati, ukashuka hadi kwenye king'amuzi, ukavuka kwa waya wa HDMI na kuingia kwenye TV. Mwenye nyumba ananiapia kwamba alichomoa plagi, na anasema kweli. Alichomoa plagi ya TV, akaacha mlango wa pili wazi. Kwa TV ndogo, bodi kuu mara nyingi ina bei inayomfanya mtu aulize bei ya TV nyingine.

Kwa hiyo kuchomoa ni kuchomoa vyote: plagi ya TV, plagi ya king'amuzi, waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, antena, na waya wa simu ya mezani au intaneti kama unao. Usiuache ule waya wa dishi ukining'inia juu ya TV; usogeze mbali. Msimu wa senene ndio unanitia wasiwasi zaidi, maana watu wanavuta nyaya za taa za kunasia wadudu hao hadi uani penye mabati yaliyosimamishwa, na nyaya hizo zinaanzia kwenye ekstensheni ile ile ya sebuleni.

Sasa vile vifaa vinavyouzwa madukani kwa jina la "gadi" ya friji au ya TV. Nunua, vina kazi yake. Umeme ukikatika na kurudi, gadi ya friji inasubiri dakika kadhaa ili kompresa isiwake ikiwa bado ina mgandamizo. Na volti zikishuka au kupanda mno, inakata. Lakini inakata kwa swichi ndogo ya ndani, yenye pengo lile lile la milimita chache, na radi inamaliza kazi kabla swichi hiyo haijacheza. Muuzaji anayekwambia inazuia radi anauza boksi.

Kinachosaidia nyumba nzima ni saji aresta, kifaa kinachofungwa kwenye meni swichi ili umeme wa ghafla umwagwe ardhini. Hakina faida bila ethi nzuri. Nenda nyuma ya nyumba uutazame ule waya wa kijani na njano unaoshuka chini. Nimekuta uliofungwa kwenye kipande cha nondo kilichochomekwa futi moja kwenye changarawe. Nimekuta pia ambao haufiki popote, wezi wa shaba waliukata na hakuna aliyejua. Mwite fundi umeme mwenye leseni aupime, na dishi nalo aliunganishe kwenye ethi hiyo hiyo.

Friji usiiogope. Ukiichomoa na kuacha mlango umefungwa, chakula hukaa salama kwa muda wa saa nne hivi, ila usiiache hivyo usiku kucha. Kwa sisi wa huku, wakati wa kuchomoa TV na nyaya zake ni kabla ya kulala, si alfajiri mvua ikiwa juu ya paa. Ukiwa macho, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na muda wa kushika nyaya umepita. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kama radi imeshakuwahi, iache TV ilipo na ukae mbali na ukuta wenye soketi. Usiguse plagi wala waya wa dishi, na watoto uwazuie. Asubuhi tutaifungua tuone.