Ngoma Hukomaa Usingizini

Kila Juni, karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, uwanja wa Bujora pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, hurindima ngoma za Bulabo. Sherehe hiyo ilikuzwa na Padri David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, aliyeanzisha pia Makumbusho ya Wasukuma hapo hapo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vilivyo watani tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Mtoto anayeandaliwa kusimama mbele ya umati, awe Bujora au kwenye mahafali ya shule yake Nyamagana, mara nyingi hubanwa wiki ya mwisho: mazoezi mchana kutwa mpaka giza linaingia. Naamini utaratibu huo unamnyima kitu ambacho ubongo wake unakihitaji kuliko wingi wa saa za mazoezi, yaani nafasi kati ya zoezi na zoezi, na usingizi ndani ya nafasi hiyo.

Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga chapa. Waliojifunza saa moja kwa siku walifikia kiwango kilekile kwa jumla ya saa chache kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. La kushangaza, hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wengine, kwa sababu waliona siku zinapita. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu mfuatano wa kubonyeza vidole. Baada ya usiku mmoja wa kulala, bila zoezi jingine, kasi yao ilipanda kwa takriban asilimia 20. Kukaa macho kwa muda kama huo hakukuleta faida ya kulingana. Mwendo mpya huacha alama dhaifu katika ubongo, na miunganiko ya seli zilizohusika huimarika polepole baada ya zoezi kwisha. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika mwili ukiwa umelala.

Atakayepinga atasema kibodi si bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, na karani mtu mzima si mtoto wa darasa la pili. Ana haki ya kusema hivyo. Ines Wilhelm na wenzake, huko Ujerumani, waligundua mwaka 2008 kwamba watoto hawakupata ile nyongeza ya kasi ya usiku wanayoipata watu wazima. Lakini mwaka 2012 walionyesha kwamba watoto wa miaka minne hadi sita waliokwisha kuzoezwa mpaka kiwango cha kati walifaidika na usingizi. Kwa hiyo pingamizi hili linaongeza uzito wa kuanza mapema: mtoto lazima kwanza aufikie uzoefu fulani, ndipo usiku umsaidie, na uzoefu huo haupatikani kwa siku tano.

Pingamizi zito zaidi ni la walimu wanaoona kwa macho yao kwamba kubana mazoezi kunafaa, kwani jioni ya siku ya tatu watoto wote wanakwenda sawa. Ni kweli wanakwenda sawa, jioni hiyo. Wepesi wa mwisho wa zoezi refu haupimi kitakachobaki kesho. Tena mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba macho ya watu hutia nguvu mwitikio uliozoeleka zaidi: aliyebobea hung'ara, ambaye bado anakisia hatua hukosea zaidi. Anayerusha jembe juu na kulidaka huku ngoma ya wapinzani ikilia kando hana muda wa kukisia. Ndiyo maana majirani na wadogo zake waitwe kumtazama mapema, hatua zikishakaa.

Mazoezi hayo ya mapema yakifanyika nyumbani, itasemwa kwamba huko hakuna ngoma wala manju. Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walipowapima watoto wadogo mwaka 2009, watoto hao walifuata mdundo vizuri zaidi wakipiga pamoja na mtu kuliko wakifuata mashine au spika. Shangazi anayegonga debe uani kwa robo saa anatosha, na anaishinda simu. Kisha mtoto alale kwa muda wa saa 9 hadi 12, kiasi ambacho wataalamu wa usingizi wa Marekani walikipendekeza mwaka 2016 kwa wenye umri wa miaka 6 hadi 12, hasa katika wiki ileile ambayo sasa tunamkesheza.